Makoti ya Wadenmark

Katika chama kile cha wacheza vita vya mezani kila mtu alikuwa na jeshi lake, na kila jeshi lilikuwa limeshinda mahali fulani. Daktari wa meno alikuwa na Wafaransa. Dereva wa winchi alikuwa na Waingereza wa makoti mekundu. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa historia ambaye wote walimwita Jenerali, alikuwa na Waprusia mia mbili na arobaini wenye helmeti za ncha, waliopangwa kabatini nyuma ya kioo kama vyombo vya bibi harusi. Walikuwa askari wa madini, kila mmoja na urefu wa pingili moja ya kidole gumba, waliopakwa rangi kwa mkono. Kila Jumamosi mchana walishushwa mezani, wakapigana vita vya Ulaya vya karne ya kumi na tisa kwa dadu, rula na kitabu kizima cha kanuni.

Mama Sare hakwenda pale kucheza. Alikwenda kupeleka kitambaa cha meza. Jina hilo alilipata kiwandani, alikoshona sare miaka thelathini na moja: za walinzi, za wauguzi, za bendi, za makondakta wa treni. Sasa alishonea nyumbani, chumba cha mbele, cherehani moja na pasi moja. Chama kilikuwa kimeagiza kitambaa cha kijani cha mita nne, chenye pindo zito ili kisiteleze. Alikitandaza mwenyewe, akakinyoosha kwa viganja, na alipoinua uso akakuta Waprusia wanamtazama kutoka kabatini.

Akavaa miwani. Aliwatazama muda mrefu, mpaka Jenerali akaja kusimama kando yake na uso wa mtu anayengoja kusifiwa.

"Mwalimu," alisema Mama Sare, maana alijua kazi aliyostaafu na hakuona sababu ya kumwita vingine, "hawa wako vitani muda gani?"

Jenerali akamweleza kwamba ni miezi miwili, kwenye baridi na matope ya mahandaki.

"Basi haya makoti hayajavaliwa. Yametoka kwa fundi leo asubuhi."

Wawili watatu waliokuwa karibu walicheka. Jenerali naye alicheka, lakini kwa midomo tu. Akaeleza kwamba rangi ile ndiyo iliyokuwa ya sheria, na kwamba ameichukua vitabuni. Mama Sare hakubishana na vitabu. Alisema tu kwamba koti huanza kufa mabegani, pale jua linapolichoma. Kwamba chini ya mkanda wa begi kitambaa hubaki cheusi kama siku kilipokatwa. Na kwamba tangu azaliwe hajaona majora mawili ya kitambaa yakatoka kwenye rangi yakafanana. Jenerali akamjibu kwa ile heshima yenye mwiba ndani yake. Pindo ni jambo moja, alisema, na historia ya vita ni jambo lingine. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wanasikiliza, akaongeza kwamba kama Mama anaona ni kazi nyepesi, kuna jeshi moja halina mwenyewe, alichukue.

Hapo wakacheka wote, na Mama Sare akataka kujua wanachekea nini.

Dereva wa winchi, mtu mpole mwenye mikono kama makasia, ndiye aliyemfafanulia. Mchezo mkubwa wa chama, unaochezwa mara moja kwa mwaka, ulikuwa wa mwaka 1864, Waprusia wanapozivamia ngome za Wadenmark kwenye kilima cha Dybbøl. Wadenmark walikuwa wachache, na bunduki zao zilikuwa magobori ya kushindilia baruti mdomoni, wakati Waprusia walikuwa na bunduki za kujaza nyuma, ambazo mtu huzipakia akiwa amelala. Katika historia, Wadenmark walishindwa kati ya asubuhi na mchana wa siku moja. Katika chama, hakuna aliyewahi kushika ngome zile kupita zamu ya nne. Kwa hiyo hakuna aliyewataka. Kila mwaka waliokotwa kwenye boksi askari wa kuazima, wengine hata si Wadenmark, akapewa aliyepoteza bahati nasibu.

"Nitawachukua," akasema Mama Sare.

Jumapili mwanawe, mpimaji wa ardhi, alikuja kula kama kawaida. Alipopata habari aliweka kijiko chini. Si kwamba alikuwa mtoto mbaya. Alikuwa mwana anayekagua vitasa vya milango ya mama yake na kumletea balbu kabla hazijaungua. Lakini kuna mambo yalimkaa kooni, na siku hiyo yalitoka.

"Mama, kila mara wewe unachagua upande wa kushindwa."

Alikuwa anasema habari za kiwanda. Mashine mpya zilipokuja, wanawake wa chumba cha kushonea waliletewa barua za kutia saini, zinazosema kwamba wameacha kazi kwa hiari yao. Waliotia saini walipewa barua nzuri ya sifa na kuonyeshwa mlango. Kumi na wanne walikataa, Mama Sare akiwa mmoja wao. Walikaa kwenye viti vyao siku nane, cherehani zimezimwa, wakiingia asubuhi na kutoka jioni kama kawaida. Siku ya tisa walitolewa. Hawakupata barua ya sifa wala chochote. Mwanawe alikuwa chuoni wakati huo, na hakuwahi kuelewa zile siku nane zilinunua nini.

"Tulijua tutatolewa," Mama Sare alimwambia. "Hakuna aliyekuwa mjinga mle ndani. Tulichokataa ni kusema tumependa."

"Na sasa unataka kufanya hivyo hivyo na vidoli."

"Ndiyo, mwanangu. Ongeza mchuzi."

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa mtu ambaye dereva wa winchi alikuwa amemwelekeza kwake. Duka lilikuwa kichochoroni, nyuma ya mafundi wa kufuli, chumba kimoja chenye harufu ya bati lililoyeyuka. Mwenyewe aliitwa Kalibu, kwa sababu maisha yake yote alikuwa amemimina madini kwenye kalibu: kwanza vitasa, kisha medali za michezo, na sasa, uzeeni, askari. Aliwaweka kwenye visanduku vidogo vya mbao ukutani, mia na zaidi, kila kisanduku na karatasi yake.

Kalibu aliposikia Wadenmark wa 1864 alishuka na visanduku sita na kuvifuta vumbi kwa kiwiko. Alianza na wale aliojua kwamba wateja huwapenda: askari wanaokimbia mbele na singe, mguu mmoja hewani, mdomo wazi. Mezani wanapendeza, alisema. Ukiwapanga ishirini, mtu anasikia kabisa makelele yao.

Mama Sare alimweka mmoja kiganjani, akamgeuza, akamwangalia mgongo.

"Huyu ataanguka."

"Anasimama vizuri, Mama, kitako chake kipana."

"Sizungumzii kitako. Koti hili ni refu, limefungwa vifungo mpaka chini ya tumbo, na sioni mpasuo nyuma. Mtu hawezi kufungua mguu namna hii ndani yake. Ama linapasuka, ama anaanguka kifudifudi. Aliyemchonga hakuwahi kulivaa."

Kalibu alimchukua yule askari, akamwangalia kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja ya kummimina, kisha akamrudisha kisandukuni. Akavuta kiti kwa ajili ya mteja wake. Alikuwa ameelewa kwamba kazi hii haitakwisha leo.

Ilichukua asubuhi tatu. Aliwakataa wenye vichwa vilivyoinuliwa kama wanapigwa picha. Aliwakataa wanaoandamana, kwa sababu hawa wake hawakuwa na pa kwenda. Alimkataa ofisa aliyepanda farasi aliyesimama kwa miguu miwili, ingawa Kalibu alisema huyo ndiye fahari ya duka. Alichukua waliopiga goti nyuma ya ukuta wa udongo, na zaidi ya wote alichukua wanaopakia: askari aliyesimama wima, gobori limesimamishwa mbele yake, ufito wa kushindilia mkononi, macho yakiwa kwenye mdomo wa bunduki na si kwa adui.

Kalibu alimwonya kwamba hao ndio hununuliwa wachache kuliko wote. Watu huchukua mmoja au wawili, kama chumvi. Wakiwa wengi wanafanana na watu walio kwenye foleni.

"Adui amelala chini na anampiga risasi," Mama Sare alisema, "na huyu lazima asimame ili apakie. Anajua anaonekana, na bado anafanya kazi yake. Nipe arobaini."

Kwa jumla walifika sabini na wawili. Ofisa alimchagua wa mwisho: mtu wa miguu, asiye na kofia, mikono nyuma, kama msimamizi anayepita kati ya mistari ya mashine.

Wiki nane zilizofuata, chumba cha mbele kilikuwa na kazi mbili. Asubuhi alishona za watu. Baada ya chakula alisogeza cherehani, akatandika gazeti, na kusugua kwa tupa ndogo ule mstari unaobaki pale nusu mbili za kalibu zinapokutana. Kisha rangi. Hakutumia rangi moja kwa makoti. Alichanganya nne, zote kati ya buluu na nyeusi, kama majora manne yaliyotoka kiwandani miezi tofauti, akazigawa bila mpangilio. Mabegani aliweka kijivu kidogo, kwenye viwiko mng'ao wa kitambaa kilichochoka, kwenye pindo matope. Suruali za samawati alizichafua magotini. Kuna koti alilolitia kiraka, na kiraka hicho kilikuwa cha rangi isiyolingana, kwa kuwa hakuna fundi wa vitani anayepata kitambaa anachokitaka.

Bendera ndiyo iliyomshinda nguvu mara mbili. Kwanza aliikata kwenye hariri nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, nyekundu, akaweka msalaba mweupe. Ilisimama kwenye mlingoti kama kipande cha mbao. Kitambaa hakijui kuwa kidogo. Mikunjo yake inabaki ile ile ya shati la mtu mzima. Akajaribu karatasi, ikachanika. Mwisho alitumia ile karatasi ya rangi ya fedha inayokuwa ndani ya pakiti ya majani ya chai, akaipaka nyekundu na msalaba mweupe, akaikunja kwa ncha ya sindano, na hapo bendera ikalala kama inavyolala bendera siku isiyo na upepo.

Kanuni za chama zilitaka majeshi yakaguliwe wiki moja kabla ya mchezo. Mama Sare aliwapanga wake kwenye trei ya chai, akakaa pembeni. Jenerali alizunguka trei mara mbili. Alisema rangi hazilingani, na kikosi kinatakiwa kuwa na rangi moja. Alisema watu wanaopakia ni wengi mno, mchezo utakosa sura. Alisema kiraka si sare.

"Kanuni ya ngapi?" aliuliza Mama Sare.

Jenerali akasema ni desturi ya chama.

"Nakuuliza kanuni. Kitabu nimekisoma mara tatu. Kanuni ya kumi na nne inasema vitako viwe na ukubwa mmoja, navyo vipo sawa. Inasema silaha ionekane. Inaonekana. Kuhusu rangi inasema tu kwamba mtu aweze kutambua jeshi la nani. Kuna mtu hapa hatambui hili ni jeshi la nani?"

Daktari wa meno alikuwa ameinama pua ikikaribia trei, na alipoinuka aliomba, kwa sauti ya chini, aelezwe ule mng'ao wa kwenye viwiko umepatikanaje. Jenerali alitia alama kwenye daftari la ukaguzi, akageuza ukurasa kwa nguvu kidogo.

Jumamosi ya mchezo mwanawe alimsindikiza. Alisema anapita tu, ana shughuli mjini, lakini alishusha boksi, akasimama karibu na dirisha, na shughuli za mjini hazikusikika tena.

Meza ilikuwa nzuri. Juu ya kile kitambaa cha kijani kulikuwa na kilima, ngome za udongo, mahandaki, na nyuma kabisa daraja linalovuka maji. Jenerali alipanga Waprusia wake upana mzima wa meza. Mama Sare alitia vikosi vitatu ngomeni na kuacha cha nne nyuma, karibu na daraja.

Zamu ya kwanza ilipita kwa mizinga, na askari kumi na mmoja wakatolewa mezani. Zamu ya pili Waprusia walianza kupanda. Hapo ndipo watu walipotambua kwamba mama huyu alikuwa amekisoma kitabu kwa penseli mkononi, maana alijua kwamba kikosi kisichosogea kabisa kinapata haki ya kupiga kwanza, na yeye hakusogeza mtu. Jenerali alikuja mbio kwa sababu miaka yote walikimbia mbele yake. Mara mbili alirudishwa chini ya kilima. Zamu ya nne ilipokwisha, ngome mbili kati ya tatu zilikuwa bado za Wadenmark. Dereva wa winchi alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti, na bahati kilikuwepo.

Zamu ya tano ngome ya pili ikaanguka. Mama Sare alikuwa amebakiwa na watu thelathini na tatu. Jenerali aliweka rula mezani, akafuta miwani, na kwa sauti iliyokuwa karibu ya upole akamwambia kwamba amecheza vizuri kuliko yeyote aliyewahi kushika jeshi hilo. Matokeo yanajulikana. Ni ustaarabu, katika hali kama hii, kupeana mikono hapa.

"Kupeana mikono maana yake nini?"

"Kwamba umekubali, Mama. Tunaandika umejisalimisha, tunakwenda kunywa chai."

Mama Sare alitazama meza, halafu akamtazama yeye.

"Mwalimu, unaweza kunitoa hapa. Una watu wa kutosha na dadu zinakupenda. Lakini mimi siandiki. Nitaondoka mezani wewe ukinitoa, na utanitoa kwa kufanya kazi. Zamu ya nani?"

Ilikuwa zamu ya Mama Sare. Akakichukua kile kikosi cha akiba, watu kumi na wanane, akakitoa kwenye daraja na kukipeleka mbele, kupanda kilima, moja kwa moja kwa Waprusia. Hawakuwa na matumaini ya kurudisha ngome, na yeye hakutafuta hilo. Jenerali alilazimika kugeuza safu zake kupambana nacho, na wakati akigeuza, watu wa ngome ya mwisho walianza kushuka kuelekea darajani. Siku ile ya kweli pia, brigedi moja ya Wadenmark ilipanda namna hiyo, ikalipa kwa damu nyingi, na wenzao wakavuka. Mama Sare alikuwa amelisoma hilo kwenye kitabu cha maktaba.

Kikosi kile kilidumu zamu mbili. Alipotolewa ofisa asiye na kofia, aliyekuwa mbele, mtu mmoja nyuma alivuta pumzi. Zamu ya saba ilipokwisha, kilima chote kilikuwa cha Waprusia, na Wadenmark kumi na watatu walikuwa ng'ambo ya maji. Mchezo ukaisha. Katika daftari iliandikwa kwamba Prusia imeshinda. Haikuandikwa kwamba kuna mtu amejisalimisha.

Jenerali alikuwa mkaidi lakini hakuwa mdogo wa moyo. Alizunguka meza, akampa mkono, na mbele ya wote akamwambia kwamba mwakani achukue yeye Waprusia, wale wale wa kabatini. Amestahili.

"Nimestahili nini, Mwalimu? Kushinda vita ambavyo Waprusia walikwisha kuvishinda?" Alimshika mkono vizuri, bila chuki. "Waache kabatini. Mimi nina watu wangu."

Daktari wa meno naye alikuja na ombi. Alikuwa na Wafaransa mia na themanini, wote na makoti ya dukani. Kama Mama angekubali kuwapaka upya, bei angeitaja mwenyewe. Wengine wawili walisogea, nao wana majeshi. Mama Sare alikuwa anapanga askari wake kwenye boksi, kila mmoja kwenye kipande cha pamba, na hakuacha kazi alipojibu.

"Mwaka mmoja uliopita ningesema ndiyo na kuwashukuru. Lakini hapa sikuja tena kama fundi wenu. Nimekuja kucheza. Anayetaka kujifunza, Jumatano baada ya chakula niko nyumbani, alete askari wake na brashi yake. Kupaka atapaka mwenyewe."

Walikuja wanne. Wa kwanza kufika alikuwa daktari wa meno, na ilionekana ana mkono mwepesi kuliko wote, jambo ambalo halikumshangaza mtu.

Siku ile ya mchezo, wakitoka, mwanawe alibeba boksi kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba mayai. Walifika kona ya pili. Hapo alitaka kujua kama mama yake alikuwa anafahamu tangu mwanzo kwamba wale kumi na wanane hawatarudi. Akamjibu kwamba alifahamu. Mwana akatembea tena kidogo, akauliza wale wanawake kumi na wanne wa kiwandani wako wapi siku hizi. Hakuwahi kuuliza hilo hata siku moja. Mama Sare akaanza kumtajia mmoja mmoja: mwenye sauti nene anauza vitambaa, mfupi alifariki, yule wa mashine ya vifungo ana wajukuu sita na hana wa kupiga naye soga.

Mwezi uliofuata, wa mashine ya vifungo na muuza vitambaa waliingia chamani pamoja, wakapewa fomu, wakaijaza. Kwenye nafasi ya jeshi wanalolitaka, Jenerali aliwaonyesha orodha ya walioshinda vita mbalimbali. Wakaipitia kwa adabu mpaka mwisho, wakamrudishia, na kumuuliza orodha ya pili iko wapi.